Mto ni wa Nani? Somo Kutokana na Mjadala wa Muhula wa Pili

Mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili aliniagiza niandike somo juu ya kujitayarisha kwa mjadala. Akanionya nisije na yale ya "simama wima, toa sauti, mtazame hakimu", kwa kuwa hayo yameandikwa katika jarida hili karibu kila mwaka na bado watu husimama wakatetemeka. Kwa hivyo nitatumia mjadala mmoja tu, ule tulipowakaribisha wageni wetu kutoka Embu, na nitaeleza mahali nilipoteleza pamoja na yale niliyokuja kuyagundua baadaye.

Hoja ilikuwa hii: "Serikali itumie pesa za umma kuboresha kingo za mito katika miji yetu, hata ikibidi wenye ploti wahamishwe."

Waliokuwepo watakumbuka jinsi ukumbi wa chakula ulivyofurika hadi wengine wakakalia madirisha, na stima ikapotea mara mbili. Kura ilipopigwa niliangukia upande wa kupendekeza. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia. Mimi nasoma huku Meru lakini kwetu ni Embu, na nyanya yangu ana vyumba vitatu vya mabati vya kukodisha na kishamba cha nduma kando ya mto Kapingazi. Sehemu ya karo yangu ya muhula ule ilitoka katika vyumba hivyo. Yaani nilitakiwa nisimame mbele ya kadamnasi niseme nyanya ahamishwe.

Mlezi aliniambia, "Hiyo ndiyo mazoezi. Anayejua uchungu wa upande wa pili ndiye atakayejibu vizuri." Nilinung'unika lakini nikatii.

Pima maneno kwanza

Msemaji wetu wa kwanza alianza kwa kishindo. Akasema mito ya miji yetu imeharibiwa na "wavamizi wa kingo". Kabla hajameza mate, msichana mmoja wa Embu aliinuka kwa hoja ya nidhamu. "Bwana Mwenyekiti, mvamizi huwa na hati miliki?" Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Hapo tulipoteza alama ambazo hatukuzipata tena.

Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na jibu lake liko katika historia yetu wenyewe. Chini ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, serikali ya kikoloni ilianza kukusanya vile vipande vidogo vidogo vya mashamba vilivyotapakaa, huko Kikuyu na huku kwetu Embu na Meru, ili kila mtu apewe kipande kimoja chenye hati. Kwa kuwa nchi yetu ni ya migongo na mabonde, vipande vingi vilikatwa virefu kama ukanda, kutoka barabara iliyo mgongoni hadi mtoni kule chini, ili kila jamaa afikie maji. Basi hati za wengi zina mpaka mmoja ambao si ua wala jiwe, bali ni mto. Miji ilipokua ikayameza mashamba hayo, ukanda uliokuwa wa kahawa na nduma ukawa ploti. Mwenye ukanda huo hakumvamia mtu. Alipewa na serikali, tena kwa karatasi.

Kwa hivyo msemaji mwerevu hutenga watu wa namna tatu. Kuna mwenye hati iliyotolewa kwa njia halali. Kuna aliye na hati lakini hati yenyewe ilipatikana kwa njia ya panya, labda kiwanja kilikuwa cha umma kikagawanywa gizani. Halafu kuna mkaaji asiye na karatasi yoyote, aliyejenga kibanda kwa sababu hakuwa na pengine. Ukiwaweka wote katika gunia moja la "wavamizi", mpinzani atalitoboa gunia hilo kwa swali moja tu, kama tulivyofanyiwa sisi.

Hali kadhalika yatazame maneno ya kuondoka. Mtu akihama, ameamua mwenyewe. Akihamishwa, kuna aliyemhamisha, na labda pana mahali pa kumpeleka. Akifurushwa, hakuna cha mahali wala ilani. Hoja yetu ilisema "wahamishwe", lakini sisi wapendekezaji tuliteleza tukaanza kusema "wataondoka", kana kwamba ni ndege wa msimu. Hakimu mmoja aliliandika kosa hilo.

Sheria inasemaje?

Hapa nilikuwa nimejitayarisha kidogo, na nawasihi wenzangu msiende kwenye mjadala wa ardhi bila Katiba ya 2010 mkononi. Kifungu cha 62 kinaitaja mito na maziwa miongoni mwa ardhi ya umma. Vizuri, nikasema, mto ni wetu sote! Lakini mto ni wapi unapokomea? Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza ujenzi na shughuli nyingine za maendeleo katika eneo la ukingo lenye upana sawa na upana wa mto wenyewe, lisipungue mita 6 wala lisizidi mita 30 kila upande, tena likipimwa kutoka pale mafuriko makubwa zaidi yaliyowahi kurekodiwa yalipofika. Weka kidole hapo kwenye "mafuriko makubwa zaidi", nitarudi.

Wengi hudhani kwamba kukatazwa kujenga ni sawa na kunyang'anywa. Sivyo. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilieleza ardhi ya ukingo kuwa ni ile ambayo mwenyewe anawekewa wajibu wa kuitunza kwa sababu iko karibu na maji. Angalia neno "mwenyewe". Ardhi inaweza kubaki yako, lakini usijenge nyumba ya kudumu hapo, usilime hadi kwenye maji, usitupe taka. Ni kama ng'ombe wako: ni wako, lakini huruhusiwi kumwachilia barabarani.

Kifungu cha 40 ndicho uwanja wenyewe wa vita. Kinasema serikali haiwezi kuchukua mali ya mtu isipokuwa kwa manufaa ya umma, na ikichukua ilipe fidia ya haki, kamili, tena bila kuchelewa. Kisha kinaongeza kwamba hata mkaaji wa nia njema asiye na hati anaweza kuwekewa utaratibu wa kulipwa. Anaweza! Msichana yule wa Embu alilikalia neno hilo kama kuku aliyetamia. "Mwenye karatasi ni lazima alipwe," akasema, "asiye na karatasi anaweza kulipwa. Nani basi atakayelala njaa?"

Mwisho kifungu hicho hakimlindi aliyepata mali kwa njia isiyo halali. Mnamo Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya serikali ya kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha Nyali kilichokuwa nafasi ya wazi ya umma karibu na ufuo wa bahari. Kampuni ilikuwa imekinunua kwa aliyekinunua kwa mwingine. Mahakama ikasema hati iliyozaliwa na ugawaji usiofuata sheria haiwi safi kwa kupita mikono mingi. Kesi hii ni silaha ya wapendekezaji, nami niliitumia, na nasema bila haya kwamba nilipigiwa makofi.

Nairobi imetufundisha nini

Upande wetu uliutegemea sana mto Nairobi. Mwaka 2008 marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, alianzisha usafishaji ambao watu wengi waliuona kwa macho: maji yakaanza kupitika na miti ikapandwa. (Ndiye pia aliyeamuru mwaka 2009 mikaratusi ing'olewe kando ya mito, amri ambayo wazee wa huku bado huizungumza wakitikisa vichwa.) Baadaye bustani yenye jina lake ikatengenezwa kando ya mto huo, mahali palipokuwa na majaa na gereji za jua kali, ikafunguliwa mwaka 2020. Nimewahi kupita hapo na mjomba wangu. Ni mahali pazuri, sitadanganya. Lakini wale wa gereji walikwenda wapi? Niliulizwa hivyo ukumbini, nikababaika.

Agosti 2018 tingatinga ziliangusha majengo makubwa ya biashara kama South End Mall na Ukay Centre kwa kuwa yalihesabiwa kuwa kwenye kingo za mito. Wenye majengo walisema wana vibali. Hapa kuna jambo la kufikiri: ikiwa ofisi moja ya umma ilipiga mhuri na ofisi nyingine ya umma ikaleta tingatinga, mwananchi amwamini nani? Mpendekezaji asipolijibu swali hili, asimame tu akae.

Ikaja mvua ya Machi hadi Mei 2024. Zaidi ya watu 200 walikufa nchini kwa mafuriko, na kingo za Mathare na Mukuru zikabebwa na maji. Serikali ikaamuru watu waondoke kingoni kwa muda mfupi mno, nyumba zikabomolewa, na kila familia ikaahidiwa shilingi 10,000 ya kujisitiri. Sheria ya ardhi ilivyorekebishwa mwaka 2016 inataka ilani ya miezi mitatu. Mpendekezaji atasema maji hayangoji miezi mitatu, na atakuwa amesema kweli. Mpinzani atauliza kwa nini ilani haikutolewa miaka mitano kabla, wakati hatari ilikuwa inajulikana, naye pia atakuwa amesema kweli.

Tena tofautisha: ile 10,000 haikuwa fidia. Fidia ni deni. Ikicheleweshwa, unaidai mahakamani. Kifuta machozi ni hisani ya mtoaji. Nilisikia wasemaji wa pande zote mbili wakiyachanganya maneno haya siku ile, na hakuna aliyesahihishwa.

Machi 2025 Rais alizindua mpango wa kufufua mito ya Nairobi wenye thamani ya shilingi bilioni 50, wa kilomita 27, pamoja na mabomba ya majitaka na nyumba za bei nafuu. Hizo ni pesa nyingi. Miji yetu midogo hupata kidogo: manispaa 59, za huku zikiwemo, ziliingizwa katika mpango wa kuimarisha miji uliotokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 2017, dola milioni 300 kwa nchi nzima, za barabara, mitaro, taa na masoko. Mkopo ni pesa ya umma ambayo umma haujaichuma bado. Sisi tulio kidato cha tatu ndio tutakaoilipa.

Hoja ambayo hakuna aliyeigusa

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hazikuligusa, na ndilo ninalolionea uchungu. Kaunti ikitengeneza bustani kando ya mto kwa pesa za umma, bei ya ploti inapanda. Ploti ya nani? Si ya aliyehamishwa. Yeye hayupo tena. Ni ya yule wa ng'ambo ya barabara, ambaye hakutoa hata futi moja ya ardhi. Jana alikuwa anatazama jaa, leo anatazama maua, na kodi ya vyumba vyake inapanda maradufu. Umma umelipa, maskini ameondoka, jirani amevuna. Ningekuwa upande wa kupinga ningelisema hili tu nikakae.

Mpendekezaji naye ana jibu, ijapokuwa sikulijua siku ile. Katiba, kifungu cha 209, inairuhusu kaunti kutoza kodi ya mali. Ikiwa ploti za karibu na bustani zimepanda thamani kwa kazi ya umma, kaunti inaweza kuzikadiria upya, izitoze zaidi, na mapato hayo yawalipe waliohamishwa. Sijui kama kuna diwani anayeweza kulisema hilo wakati wa kampeni.

Mifano ya mbali na ya karibu

Mwenzangu alitaja Seoul, Korea Kusini. Huko walibomoa barabara kuu ya juu kwa juu wakaufunua mto Cheonggyecheon uliokuwa umefunikwa kwa saruji. Kazi ilianza 2003 ikakamilika 2005, na leo watu hutembea kandokando ya maji karibu kilomita 6 katikati ya jiji. Mfano mzuri, ila hakutaja kwamba wachuuzi waliokuwa hapo walilazimika kuondoka, na mpinzani akautaja kwa niaba yake. Ukileta mfano, ulete mzima, na mabaya yake.

Wapinzani nao walileta New London, Marekani. Mji ule, ulio kando ya mto Thames wa huko, ulitaka kuchukua nyumba za watu mtaa wa Fort Trumbull ili pajengwe hoteli na ofisi karibu na kituo cha kampuni ya dawa ya Pfizer. Mama mmoja aitwaye Susette Kelo akakataa kuuza nyumba yake. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimshinda kwa kura 5 dhidi ya 4, ikisema kukuza uchumi wa mji ni manufaa ya umma. Nyumba zikaondolewa. Mwaka 2009 Pfizer ikatangaza kuondoka, na kiwanja kikabaki kitupu kwa miaka mingi. Mfano huu ulitumaliza, kwa sababu ulionyesha kwamba mahakama yaweza kukubali na bado manufaa yenyewe yasifike.

Lakini wageni wetu hawakuhitaji kwenda Marekani. Walikuwa na mfano nyumbani kwao ambao hawakuutumia, nami niliupata baadaye maktabani nikapigwa na butwaa. Bwawa la Kiambere kwenye mto Tana, upande wa Mbeere, lilikamilika mwaka 1988. Walioondolewa walilipwa pesa taslimu, wakaachwa watafute ardhi wenyewe. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba mashamba yao, kwa wastani, yalishuka kutoka hekta 13 hadi 6, na mapato ya familia yakapungua kwa asilimia 82. Walikuwa wamelipwa! Hati ya malipo ilikuwepo, hesabu ilikuwa imefungwa. Ila pesa hazikununua tena kile kilichochukuliwa, kwa sababu watu wengi walikuwa wakitafuta ardhi kwa wakati mmoja na bei ikapanda. Ukisikia "fidia ya haki", uliza: haki ya bei ya jana au ya kesho?

Upande wetu nao ungeweza kuyatumia mabwawa hayo hayo. Kathita ya hapa Meru na Rupingazi ya Embu zote humwaga maji yake Tana mwishowe. Rupingazi hupitia Thiba hadi kwenye mabwawa ya umeme. Udongo wa ukingo uliolimwa hadi majini haubaki Embu. Unateremka ukajaze bwawa, na nchi nzima hulipia stima kwa bei ya juu. Hii ndiyo maana halisi ya umma: jirani usiyemwona, aliye chini yako mtoni. Niliisema hoja hii katika dakika zangu za mwisho, stima ikapotea mara ya pili, na sidhani mahakimu walisikia.

Tulishindwa kwa alama 4.

Kamba ya nyanya

Likizo ilipofika nilimwambia nyanya yote. Sikumficha kwamba nilisimama upande wa kumhamisha. Alicheka sana, akasema, "Ulilipiwa karo ukasome kunifukuza?" Kisha akanyamaza kidogo, akauliza, "Hiyo mita ni ngapi?"

Tukateremka na kamba ya mbuzi. Kapingazi pale kwetu si mto mpana. Nilipima upana kwa kuuvuka juu ya mawe, ikawa mita 7 na kidogo. Basi ukanda wetu ni mita 7. Nikapima kutoka ukingo wa maji kwenda juu. Nduma zote zikawa ndani, hilo nililitarajia. Chumba cha tatu, cha fundi wa viatu, kikawa ndani kwa hatua mbili. Vyumba viwili vikabaki nje. Nikafurahi, nikamwambia, "Nyanya, viwili umeokoa."

Akaniuliza, "Unapima kutoka maji ya mwezi gani?"

Nikakumbuka mahali nilipowaambia muweke kidole. Nikamweleza kwamba kanuni ilisema mafuriko makubwa zaidi. Nyanya akaichukua kamba mkononi mwangu, akapanda nayo hadi kwenye mti wa muringa ulio nyuma ya vyumba, akaweka kiganja chake kwenye gome, juu ya goti lake. "El Nino ya 1997 ilifika hapa," akasema. "Mama yako alikuwa msichana. Tulimfunga mbuzi kwenye tawi lile."

Muringa uko juu ya vyumba vyote vitatu. Tulikaa chini yake tukala nduma, na kamba tukaiacha palepale chini.